NANI ANATEMBEA, NANI ANASIMAMA: TASWIRA NA MWENDO KATIKA UWAKILISHI WA MGOGORO WA RANGI, NGORONGORO NA KARATU, 1959–2004

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna filamu na video za muziki zilivyowakilisha mgogoro wa rangi unaohusu ardhi ya Ngorongoro, Karatu na Umaasaini kwa jumla. Kazi zilizochambuliwa ni *Serengeti darf nicht sterben* (1959), *Hatari!* (1962), video za *Black or White* (1991) na *Earth Song* (1995) za Michael Jackson, pamoja na kazi za wasanii wa Tanzania, Mr. Ebbo na kundi la X Plastaz, za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uchambuzi umeongozwa na mawazo ya Roland Barthes na Stuart Hall kuhusu uwakilishi. Makala yanajenga hoja kwamba mgogoro wa rangi katika kazi hizi hausemwi sana kwa maneno. Unasemwa kwa kugawa mwendo. Kuna anayepewa chombo na nafasi ya kusafiri, na kuna anayewekwa asimame kama sehemu ya mandhari. Aidha, makala yanaonesha kwamba mwendo ukitengwa na sababu yake ya kihistoria hugeuka kuwa tabia au uvamizi. Mwisho, makala yanajadili ukimya wa Karatu katika picha hizo na maana yake kwa mijadala ya ardhi ya leo.

1.0 Utangulizi

Neno *Mzungu* mara nyingi huhusishwa na kitenzi *kuzunguka*. Liwe au lisiwe na asili hiyo kwa uhakika wa kiisimu, wazungumzaji wengi wa Kiswahili hulielewa hivyo, na uelewa huo una historia ndani yake. Mgeni alitambuliwa kwa mwendo wake kabla ya kutambuliwa kwa rangi yake. Alikuwa mtu asiyetulia, anayepita, anayechora ramani na kuondoka, kisha anarudi na bendera. Tarehe 18 Machi 1892, msafiri wa Austria, Oscar Baumann, alifika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro akiwa katika safari ya aina hiyo. Wamaasai aliowakuta walikuwa wamedhoofishwa na njaa iliyofuata sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wao. Mkutano huo wa anayepita na anayehangaika kubaki hai ndio unaoweza kuchukuliwa kuwa fremu ya kwanza ya hadithi inayojadiliwa hapa, ingawa hapakuwa na kamera ya filamu ya kuirekodi.

Tafiti nyingi kuhusu Ngorongoro zimejikita katika sheria, ikolojia na haki za ardhi. Tafiti kuhusu muziki wa Tanzania nazo zimejikita katika maneno ya nyimbo: fani, maudhui, lugha na ujumbe. Kilichobaki katikati ni picha yenyewe, yaani namna mwili wa mtu unavyowekwa mbele ya kamera, unavyoruhusiwa kusogea na unavyokatwa na mhariri. Makala haya yanaingia katika nafasi hiyo kwa kuuliza maswali matatu. Kwanza, nani anapewa mwendo katika picha za Ngorongoro? Pili, mwendo huo unapewa sababu gani? Tatu, ni nani ambaye hakupigwa picha kabisa, na kwa nini?

Istilahi moja inahitaji kufafanuliwa mapema. *Mgogoro wa rangi* hapa una maana ya mgongano wa madaraka uliojengwa juu ya mgawanyo wa watu weupe na weusi wakati wa ukoloni, pamoja na mabaki yake baada ya uhuru. Mgogoro huo unatofautiana na mivutano ya kikabila, lakini haukai mbali nayo. Kama itakavyoonekana katika sehemu ya 6.0, dharau iliyoanzia kwenye rangi inaweza kurithiwa na kuelekezwa kwa kabila.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Katika *Mythologies* (1957), Barthes alichambua jalada la jarida la *Paris-Match* lililomwonesha kijana mweusi mwenye sare ya jeshi la Ufaransa akipiga saluti. Katika ngazi ya kwanza, picha ilisema tu kwamba kijana anapiga saluti. Katika ngazi ya pili ilisema kwamba dola ya Ufaransa ni ya haki kwa watu wote bila kujali rangi, na kwamba anayeishutumu kwa ukoloni amejibiwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba hoja nzima ilibebwa na kitendo kimoja cha mwili, mkono ulioinuliwa. Historia ya namna kijana huyo alivyofika jeshini ilikuwa imeondolewa. Barthes aliita kazi hiyo kugeuza historia kuwa maumbile.

Hall, katika kazi yake ya mwaka 1997 kuhusu uwakilishi, aliongeza kwamba picha haiakisi maana iliyokwisha kuwapo, bali hushiriki kuitengeneza. Aliye na uwezo wa kuonesha ana uwezo pia wa kuainisha: huyu ni mtu, huyu ni mfano wa aina ya watu. Mawazo haya mawili yanafaa kwa Ngorongoro kwa sababu huko suala la maumbile na historia si la kinadharia tu. Eneo lilelile linaweza kuitwa mbuga ya asili au kuitwa malisho ya watu, na jina litakaloshinda ndilo linaloamua nani atabaki.

3.0 Muktadha wa Kihistoria

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, walowezi wa Kijerumani, Adolf Siedentopf na ndugu yake Friedrich Wilhelm, walikuwa na mashamba ndani ya kreta yenyewe. Wamaasai walitakiwa kuwapisha. Kwa hiyo mtu wa kwanza kudai kreta nzima kwa ajili ya matumizi ya aina moja hakuwa mhifadhi. Alikuwa mfugaji mwenye hati ya kikoloni. Wakati huohuo sheria za uwindaji, kuanzia ile ya Gavana Hermann von Wissmann ya mwaka 1896, zilikuwa zimeanza kutofautisha mwindaji mwenye leseni na mwindaji asiye nayo. Kwa kuwa leseni ilihitaji fedha na kibali cha ofisi, tofauti hiyo ya kisheria ilikuwa kwa kiasi kikubwa tofauti ya rangi.

Upande wa pili wa msitu, katika miteremko ya Oldeani na nchi ya Karatu, historia ilifuata njia nyingine. Wakati wa utawala wa Waingereza walowezi wa Kizungu, wengi wao Wajerumani, walianzisha mashamba ya kahawa huko Oldeani. Wairaqw nao, waliokuwa wamebanwa na uhaba wa ardhi katika nyanda za juu za Mbulu, walisogea kaskazini na kulima. Hivyo Karatu ikawa nchi ya jembe, ngano, mahindi na kahawa, yenye mistari ya mashamba ya walowezi kando ya mashamba ya wenyeji. Palikuwa na mgogoro wa rangi uliokuwa wazi kabisa: nani alime ardhi yenye maji na nani awe kibarua.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951 ikiwa imejumuisha Ngorongoro. Mvutano kati ya serikali ya kikoloni na wafugaji kuhusu haki ya kuishi ndani ya hifadhi hiyo ulisababisha kuundwa kwa kamati ya uchunguzi mwaka 1957. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia alama zao kwenye makubaliano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la matumizi mseto, ambamo wafugaji, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Ahadi hiyo ya 1959 ndiyo msingi wa madai yote yaliyofuata. Ni muhimu pia kuona kwamba ilitolewa mwaka uleule ambao filamu maarufu zaidi kuhusu eneo hilo ilioneshwa kwa mara ya kwanza.

4.0 Filamu Mbili na Mgawanyo wa Mwendo

4.1 *Serengeti darf nicht sterben*

Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walifika Tanganyika kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia. Kazi yao ilikuwa kuhesabu wanyama kutoka angani na kufuatilia njia za uhamaji, ili mipaka mipya ya hifadhi ijadiliwe kwa takwimu. Tarehe 10 Januari 1959, Michael alifariki katika ajali ya ndege hiyo baada ya kugongana na tai, naye akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao ilipata Tuzo ya Oscar ya filamu bora ya simulizi halisi mwaka 1960. Bernhard alipofariki mwaka 1987, mabaki yake yalipelekwa kando ya kaburi la mwanawe.

Huzuni ya kifo hicho na thamani ya sayansi ile havipingwi hapa. Kinachochunguzwa ni jicho la kamera. Mwendo mkuu wa filamu ni mwendo wa ndege: kuelea, kugeuka, kushuka juu ya makundi ya nyumbu. Anayetazama anaketi pamoja na rubani. Kutoka kimo hicho ardhi haina mipaka ya koo, haina majina ya visima, haina mapito ya mifugo wakati wa kiangazi. Ina wanyama wa kuhesabiwa. Mtu anayetembea kwa miguu nyuma ya ng'ombe wake, akitazamwa kutoka juu, huonekana mdogo na mwenye kasi ndogo, na ng'ombe wake huonekana kama doa geni kwenye kundi la wanyama. Filamu iliwaona mifugo hao kuwa tishio, msimamo ambao Grzimek aliutetea waziwazi: hifadhi ya taifa isiwe na wakazi, hata kama ni wenyeji.

Mwendo wa pili muhimu ni wa majangili. Filamu inaonesha mitego ya waya na Waafrika walioitega. Mwindaji mweusi anaonekana katika kitendo cha kuiba. Historia iliyomfanya kuwa mwizi, yaani miongo sita ya sheria zilizompokonya uwindaji wa babu zake na kumuuzia leseni mtu mwingine, haimo ndani ya fremu, na haiwezi kuonekana kutoka angani. Mjadala wa mipaka nao unatolewa kama suala la njia za wanyama; wazee 12 na makubaliano yao ya mwaka uliotangulia si mhimili wa simulizi. Kwa lugha ya Barthes, historia imegeuzwa kuwa maumbile.

4.2 *Hatari!*

Filamu ya *Hatari!*, iliyoongozwa na Howard Hawks, ilipigwa Tanganyika mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, ikitumia mandhari ya Arusha, Momella, Manyara na Ngorongoro. Ilitoka mwaka 1962, miezi michache baada ya uhuru wa Desemba 1961. Inawahusu wakamataji wa wanyama kwa ajili ya bustani za ng'ambo, wakiongozwa na mhusika wa John Wayne. Hapa mwendo umeshuka kutoka angani hadi kwenye gari. Sehemu zinazokumbukwa zaidi ni za kumkimbiza kifaru huku gari likirukaruka na kamba ikitupwa. Kukimbiza ni kazi ya Wazungu. Waafrika wengi wanaoonekana hushika kamba, hubeba, hufungua milango ya mazizi na hutazama. Kichwa cha filamu ni neno la Kiswahili, lakini wazungumzaji wa Kiswahili hawakupewa nafasi yoyote kuu.

Mhusika wa kike, aliyeigizwa na Elsa Martinelli, ni mpigapicha. Katika sehemu moja anapokewa na jamii ya Waarusha, anapakwa rangi mwilini na kupewa jina la *Mama Tembo*. Tukio hilo limetungwa kama utani wa upendo. Hata hivyo, linaonesha kanuni ambayo haikuwa na upande wa pili. Mwanamke mweupe anaweza kuvuka mpaka wa rangi kwa alasiri moja, acheze, apewe jina, kisha aoge na kurudi mezani. Hakuna Mwaarusha katika filamu anayevuka kwenda upande mwingine na kuketi kwenye meza hiyo. Rangi ya mwili inakuwa vazi kwa mmoja na mpaka kwa mwingine. Miezi michache baada ya taifa kupata haki ya kujitawala, picha iliyokuwa ikisafiri duniani kuhusu nchi hiyo ilikuwa bado na watu wa aina mbili: wanaoendesha na wanaopanda nyuma.

Si haki, hata hivyo, kudai kwamba uhifadhi ulikuwa jambo la Wazungu peke yao. Septemba 1961, Julius Nyerere alitoa Ilani ya Arusha, iliyoahidi kwamba viongozi wa Tanganyika wangelinda wanyamapori kama dhamana. Kwa kitendo hicho taifa jipya lilirithi kazi ya kulinda, lakini pia lilirithi picha. Suala la nani aonekane ndani ya picha hiyo liliahirishwa. Mwaka 1974 wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa, na mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika eneo lote la hifadhi. Kwa mtazamaji wa filamu za awali, kreta isiyo na watu haikuwa na jambo la kushangaza. Alikuwa ameshaiona hivyo.

5.0 Video za Muziki: Mwendo Usio na Sababu

5.1 Funzo la *Black or White*

Ili kuelewa video iliyopigwa Tanzania, ni vema kwanza kuangalia ile iliyoitangulia. *Black or White*, iliyoongozwa na John Landis, ilioneshwa Novemba 1991 katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Katika sehemu ya kwanza Jackson anacheza na wachezaji wa Kiafrika, kisha na wa Kithailandi, wa asili ya Marekani, wa India na wa Urusi. Fremu inapopanuka, mtazamaji anagundua kwamba wote wako kwenye jukwaa la studio. Nyuso za watu wa rangi mbalimbali zinayeyuka moja hadi nyingine. Hapa upatanisho wa rangi ni upatanisho wa mwendo: kila mtu na ngoma yake, na mwimbaji mmoja anayezimudu zote.

Sehemu ya mwisho ndiyo yenye funzo. Chui mweusi anageuka kuwa Jackson, ambaye anacheza peke yake usiku mtaani na kuvunja vioo vya gari. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba sehemu hiyo iliondolewa. Baadaye ilitolewa ikiwa na maandishi ya kibaguzi yaliyoongezwa kwenye vioo. Mwendo wa mwili haukubadilishwa, ila sababu yake sasa ilionekana. Bila maandishi, mtu mweusi anayevunja vioo alisomwa kama fujo. Maandishi yalipoongezwa, alisomwa kama mtu anayejibu. Kutokana na mfano huo makala yanapendekeza kanuni ifuatayo: mwendo wa mtu aliyedhulumiwa, ukioneshwa bila sababu yake, husomwa kama tabia yake.

Kanuni hiyo inaangaza nyuma hadi mwaka 1959. Ng'ombe wanaoingia kwenye picha ya nyumbu, bila maelezo ya malisho yaliyochukuliwa, husomwa kama uvamizi. Mtego wa waya, bila maelezo ya sheria, husomwa kama ukatili.

5.2 *Earth Song*

Video ya *Earth Song* iliongozwa na Nick Brandt mwaka 1995, na ilipigwa katika maeneo manne: msitu wa Amazoni, Kroatia iliyokuwa ikitoka vitani, Tanzania, na Warwick katika jimbo la New York. Brandt aliendelea baadaye kuwa mpigapicha mashuhuri wa wanyama wa Afrika Mashariki. Katika sehemu ya Tanzania, Waafrika, ambao kwa kawaida huelezwa kuwa Wamaasai, wanamkuta tembo aliyeuawa na kung'olewa meno. Wanasimama na kutazama. Wimbo unapopanda, watu wa maeneo yote manne wanapiga magoti na kuchimbua udongo kwa vidole. Upepo unavuma. Kisha wakati unarudi nyuma: mti uliokatwa unainuka na tembo anapata tena meno yake.

Ukilinganisha na *Hatari!*, kuna hatua iliyopigwa. Waafrika si wabebaji tena. Ni waombolezaji, wenye sura na uchungu, sawa na mama wa Kroatia na mzee wa Amazoni. Jangili si mwenyeji wa mandhari bali ni msiba uliomfika. Kwa maana hiyo video ilisahihisha kosa moja la mwaka 1959.

Hata hivyo, mgawanyo wa mwendo uliendelea kwa namna tatu. Kwanza, Waafrika wanatazama na kupiga magoti. Anayetembea, kupaza sauti na kushindana na upepo ni mwimbaji. Pili, mwimbaji ambaye mwenyewe ni mweusi hayupo katika fremu moja nao. Sehemu zake zilipigwa New York, na aliyewaunganisha ni mhariri. Mwaka 1991 waliunganishwa kwa ngoma katika ardhi ya bandia. Mwaka 1995 walipewa ardhi halisi lakini wakatenganishwa. Tatu, na hili ndilo zito, wakati unaporudi nyuma, kinachorudishwa ni wanyama, miti na amani. Kurudi kwa wakati kunakoma mahali ambapo mandhari imependeza. Hakuna kinachodokeza kwamba kwa wafugaji wa Umaasaini kurudisha wakati nyuma kungekuwa pia na maana ya kurudisha malisho ya Serengeti, au maboma ya ndani ya kreta. Mbinu ambayo ingeweza kuonesha mgogoro mzima ilitumika kuonesha nusu yake.

Tabia hiyo haikuishia hapo. Mwaka 2015 video ya *Wildest Dreams* ya Taylor Swift, iliyoongozwa na Joseph Kahn, ilirudia mandhari ya Afrika ya miaka ya 1950 yenye ndege, simba na waigizaji weupe. Wakosoaji waliishutumu kwa kutamani ukoloni. Ilikuwa *Hatari!* tena, bila hata washika kamba.

6.0 Wasanii wa Tanzania na Urejeshaji wa Mwendo

Mwaka 1967 na 1968 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache shuka na kuvaa mavazi yaliyoitwa ya kisasa. Kampeni hiyo inaonesha kwamba taswira iliyotengenezwa na mgeni ilikuwa imemwumiza pia mrithi wake. Kiongozi mweusi aliitazama shuka nyekundu kwa jicho la mgeni, akaona aibu. Hapo ndipo dharau ya rangi ilipogeuka kuwa dharau ya kabila. Miongo iliyofuata iliongeza kinyume kingine: shuka iliyokatazwa ikawa bidhaa. Katika maboma ya utamaduni kando ya barabara ya Ngorongoro, vijana hurukaruka mbele ya kamera za watalii kwa malipo. Mwendo uliokuwa wa sherehe ya rika umepewa ratiba ya magari.

Katika mazingira hayo, Abel Loshilaa Motika, aliyejulikana kama Mr. Ebbo, alitoa *Mi Mmasai* mwaka 2002. Alitumia lafudhi ileile iliyokuwa ikitumiwa kuwacheka walinzi wa Kimaasai mijini, akaigeuza kuwa sauti ya anayejisifu. Kichekesho kilibaki, ila mwenye kuchekesha sasa ndiye aliyekuwa na kipaza sauti. Mmasai wa Mr. Ebbo hasimami ukingoni akitazama. Anazungumza na kamera uso kwa uso na kuitaka imjibu. Wapo watakaosema kwamba alikuza dhana ileile aliyoipinga, na hoja hiyo ina uzito, kwani hadhira inaweza kucheka bila kusikia majivuno. Lakini tofauti ya nani anaongoza utani ni tofauti ya madaraka.

X Plastaz, kundi la Arusha lililoanza katikati ya miaka ya 1990, lilichagua njia nyingine. Lilichanganya rapu ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai wa Merege, na albamu yao ya *Maasai Hip Hop* ilitolewa na kampuni ya Ujerumani mwaka 2004. Kwenye jukwaa lao kijana wa mjini na mwimbaji mwenye shuka walisimama sambamba, na mdundo uliwalazimu wote wawili kusogea kwa pamoja. Jambo ambalo mhariri wa *Earth Song* alilifanya kwa mkasi, wao walilifanya kwa miili katika nafasi moja. Ni kweli kwamba kichwa cha albamu kililenga pia soko la Ulaya lililotaka kusikia neno Maasai. Hata hivyo, kuuza jina huku ukishika kipaza sauti si sawa na kuuzwa ukiwa umesimama.

7.0 Ukimya wa Karatu

Swali la tatu la makala lilihusu asiyepigwa picha. Magari yote ya watalii wa Ngorongoro yanayotoka Arusha hupita Karatu kabla ya kufika lango la Lodoare. Abiria hulala hapo, hula hapo, hununua maji hapo. Kamera hubaki ndani ya mikoba hadi langoni. Katika kazi zilizochambuliwa, mkulima wa Kiiraqw hana nafasi, wala kibarua wa shamba la kahawa la Oldeani.

Sababu haiko mbali. Shamba la ngano halifanani na Afrika iliyouzwa tangu 1959. Mtu mwenye jembe ana mwendo ambao mtazamaji wa Ulaya anautambua kuwa kazi, na kazi hudai malipo, hati na bei. Aidha, kumwonesha mkulima wa Karatu kungelazimu kumwonesha pia mlowezi aliyekuwa jirani yake, na hapo mgogoro wa rangi ungejitokeza katika sura yake ya kawaida kabisa: mpaka wa shamba. Mfugaji angeweza kugeuzwa sehemu ya maumbile, mkulima asingeweza. Ndiyo maana mmoja alipambwa na mwingine akaachwa. Kupambwa na kuachwa ni matokeo mawili ya jicho moja.

Ukimya huo una athari kwa elimu ya historia pia. Wilaya ya Karatu, iliyogawanywa kutoka Mbulu mwaka 1995, ina kumbukumbu nyingi za ukoloni wa walowezi katika masimulizi ya wazee, lakini haina picha jongefu zinazofahamika duniani. Kwa mtafiti anayetegemea picha, mgogoro wa Karatu unaweza kuonekana kama haukuwahi kutokea.

8.0 Hitimisho

Makala yamejadili kwamba uwakilishi wa mgogoro wa rangi katika picha za Ngorongoro umejengwa juu ya mgawanyo wa mwendo: ndege na gari kwa mmoja, kusimama na kupiga magoti kwa mwingine. Yamejadili pia kwamba mwendo wa mwenyeji ulipooneshwa bila sababu yake uligeuka kuwa uvamizi, wizi au pambo. Wasanii wa Tanzania wa mwanzoni mwa karne hii walirejesha sehemu ya mwendo huo, ingawa hawakuwa huru na soko lililotaka taswira ya zamani.

Umuhimu wa hoja hii si wa sanaa peke yake. Kuanzia Juni 2022, familia kutoka Ngorongoro zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali imeeleza kuwa uhamaji huo ni wa hiari na una lengo la kunusuru hifadhi. Wakazi wengi na watetezi wa haki wamepinga maelezo hayo. Makala haya hayana mamlaka ya kuhukumu shauri hilo. Yanachoweza kusema ni kwamba pande zote zinajadiliana mbele ya picha iliyokwisha kupigwa zamani, ambamo kreta ni tupu na mtu ni mgeni ndani yake. Picha hiyo imewekwa upande mmoja wa mizani kabla shahidi yeyote hajazungumza.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba tafiti zijazo zikusanye masimulizi ya wazee wa Karatu na Ngorongoro kuhusu siku ambazo kamera zilifika: nani aliombwa asimame, nani aliambiwa atoke kwenye fremu, na nani alilipwa. Walioshuhudia mwaka 1959 wakiwa vijana sasa ni wakongwe. Filamu zile zimehifadhiwa vizuri ng'ambo na zitadumu, ilhali kumbukumbu za waliosimama mbele yake hazina hifadhi nyingine isipokuwa vifua vyao.